GARI LA JAPANI NA SAHIHI YA MDHAMINI



Meli ya magari ikifunga Kilindini, mlango wake hushushwa juu ya gati kama daraja, na wenzetu walio zamu huingia ndani wakatoa motokaa moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, mpaka uwanja ukajaa. Nyingi hutoka Yokohama, Nagoya, Kobe na Osaka. Mwenzetu akishuka kwenye moja huigeukia, akaupapasa mlango, akasema moyoni: na mimi siku moja nitakuwa nayo. Hatumlaumu. Mtu aliyeshinda akiendesha motokaa za watu mchana kutwa, kisha akarudi kwake Changamwe akining'inia mlangoni mwa matatu, ana haki ya kutamani.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu limekwisha toka mikononi mwa mtu mmoja mmoja likaingia ndani ya chama. Malalamiko yanayofika ofisini siku hizi si juu ya tajiri peke yake, wala si juu ya saa za ziada peke yake. Mwanachama humshitaki mwanachama. "Nilimtilia sahihi, na sasa mimi ndiye ninayekatwa." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi mno, na tukiuliza mkopo wenyewe ulikuwa wa nini, aghalabu jibu ni moja: gari la Japani.

Tutaeleza habari ya mmoja wetu, bila ya kumtaja jina, na kwa ruhusa yake mwenyewe. Ni mfanyakazi wa miaka kumi na minne, mtu asiyelewa wala kukosa zamu. Alitaka motokaa ndogo yenye injini ya cc 1500, mdogo wake aiendeshe teksi mchana, naye aishike jioni. Akachukua mkopo wa Shs. 600,000/- katika Sacco, wenzake wanne wakamdhamini. Katika simu yake aliona bei: dola 3,400, gari kufikishwa Mombasa. Kwa dola ya wakati ule hizo zilikuwa kama Shs. 440,000/-. Akajiambia, nikishalipa hizi nitabakiwa na Shs. 160,000/- za ushuru na za wakala, na huenda zikatosha hata kubadili tairi. Akapeleka fedha Japani kwa njia ya benki, na gari likaja.

Muuzaji hakumdanganya hata kidogo, na hapa twaomba msomaji asimame, kwa kuwa watu hudhani kila hasara ina mwizi wake. Gari lilikuwa lile lile la kwenye picha, na lilikuwa zuri. Kilichomwangusha ni hesabu.

Forodha haikushughulika na zile Shs. 440,000/- zake. Kwa magari yaliyokwisha tumika, KRA huanza na orodha yake ya bei za magari mapya, ikapunguza kwa kadiri ya umri wa gari, na hapo ndipo hupata thamani ya kutoza. Thamani ya gari la mwenzetu ilitoka Shs. 500,000/-. Basi tuhesabu pamoja, kwa viwango vya mwaka 2025, na mwenye kalamu aishike.

Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25 mpaka ulipopandishwa ukawa asilimia 35 mwezi wa Julai 2023. Kwa thamani hiyo ni Shs. 175,000/-. Jumlisha upate Shs. 675,000/-. Juu ya jumla hiyo, wala si juu ya thamani ya gari peke yake, hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, yaani Shs. 135,000/-. Sasa tumefika Shs. 810,000/-, na juu ya hizo zote hutozwa VAT ya asilimia 16, nayo ni Shs. 129,600/-. Ni kodi iliyopanda juu ya mgongo wa kodi. Bado kuna ada ya IDF, asilimia 2.5 ya thamani, Shs. 12,500/-, na ada ya reli, asilimia 2, Shs. 10,000/-. (Madereva wa malori walioona makontena yakihamia kwenye reli mpya watatuwia radhi kwa kuwakumbusha kwamba wao pia huichangia reli hiyo wakinunua motokaa.) Ukijumlisha kodi na ada peke yake utapata Shs. 462,100/-.

Naye alikuwa na Shs. 160,000/-.

Kama angalichagua gari la thamani hiyo hiyo lakini lenye injini inayozidi cc 1500, ushuru wa bidhaa ungalikuwa asilimia 25, na jumla ya kodi na ada ingalifika Shs. 501,250/-, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Watu husema, "Tofauti ya cc mia tatu ni nini?" Tofauti ni hiyo, Shs. 39,150/-, kwa mkupuo mmoja.

Upungufu wake ulikuwa Shs. 302,100/- kabla hajamlipa wakala, kabla ya gharama za bandari, na kabla ya usajili wa NTSA. Akaanza kuhangaika. Gari likikaa ghalani halikai bure. Siku zake za bure zikiisha, kila siku ina kodi yake. Alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ambayo twaona haya kuiandika hapa, na fedha alizopata huko zikaliwa na ghala kabla hazijatosha. Mwisho forodha ikalipiga gari mnada. Mwenzetu hakuwahi kukaa ndani yake hata mara moja.

Lakini mkopo ulibaki. Shs. 600,000/- kwa miezi 48, kwa riba ya asilimia moja kila mwezi juu ya deni linalosalia, maana yake mwezi wa kwanza ni Shs. 12,500/- za deni na Shs. 6,000/- za riba. Alitegemea teksi imlipie. Hati yake ya mshahara ilikuwa tayari na makato mengine, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mfanyakazi akatwe zaidi ya theluthi mbili za mshahara wake. Sheria hiyo ni ngao yetu na twaishukuru. Ila Sacco nayo ilipopata nusu tu ya fungu lake mwezi baada ya mwezi, ikawageukia wadhamini. Mmoja wao ni mama mfagiaji wa ofisi. Akiba yake ilikuwa ya kumpeleka mwanawe sekondari. Yeye hajui hata kuendesha baiskeli, na sasa analipa motokaa.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba gari ni jambo la siri ya mtu na mkewe. Likiwa kwa fedha zako mwenyewe, ni lako, nenda kwa amani. Likiwa kwa sahihi za wenzako wanne, ni la watu watano.

Wako wanaosema mitumba ya Japani ni takataka zilizotupwa, na kwamba dawa ni kutonunua. Hatukubaliani nao. Magari mengi huuzwa huko yakiwa bado na nguvu, na sababu yake yajulikana. Serikali ya Japani huagiza kila motokaa ndogo ikaguliwe miaka mitatu baada ya kununuliwa mpya, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima ya lazima inayolipwa wakati huo, humgharimu mwenye gari fedha nyingi. Gari likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Basi mwenyeji wa huko akiona siku ya ukaguzi yakaribia, na fundi amemwandikia orodha ndefu ya matengenezo, huona heri auze. Nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, hivyo gari lao latufaa bila ya kubadilishwa kitu. Isipokuwa redio, ambayo kwao hushika kuanzia 76 na kuishia 95, hata stesheni zetu nyingi hazipati, na yule mwanamke aliye ndani ya dashibodi, anayesema Kijapani kila ukiwasha injini. Wengi hudhani anakukaribisha. Anakuambia hujatia kadi ya kulipia barabara kuu.

Magari hayo hupita kwenye minada yao wenyewe, na hapa ndipo mnunuzi wa Kenya anapokosa kitu ambacho kipo na angaliweza kukiomba. Kabla ya mnada gari hutazamwa na mkaguzi, akaandika karatasi. Juu huweka namba: 5 na 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina uchakavu wake, 3 angalia vizuri. Herufi R ni gari lililopata kugongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililolazwa, na juu yake herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Kilomita za mita pia huandikwa. Anayetaka kurudisha mita nyuma atairudisha baada ya mnada, si kabla, na ndiyo maana dalali wa mtaani atakuambia karatasi hiyo imepotea, au ni ya Kijapani huwezi kuisoma. Mwambie akuletee hivyo hivyo. Namba na herufi za Kirumi hata mtoto wa darasa la tatu atazisoma.

Tena kuna umri. Kanuni ya KEBS, kwa kipimo kiitwacho KS 1515, haikubali gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Hesabu hiyo hufuata siku ya kufika hapa, wala si siku ya kununua wala ya kupakia melini. Safari kutoka Japani mpaka Mombasa huchukua majuma kadhaa. Gari la mwaka wa nane likinunuliwa mwezi wa Novemba, meli ikakawia njiani, likaja kutia nanga baada ya mwaka mpya, ni gari lililokatazwa. Kila mwisho wa mwaka utaona madalali wakishusha bei za magari ya mwaka unaoisha, na mtu hudhani ni zawadi ya Krismasi. Hati ya Japani ya kufuta usajili ili gari lisafirishwe huonyesha mwaka huo wa kwanza, ila mara nyingi huuandika kwa hesabu ya wafalme wao: Heisei 30 ni mwaka 2018, Reiwa 1 ni mwaka 2019, Reiwa 2 ni mwaka 2020. Andika pembeni mwa gazeti hili usisahau. Pamoja na hati hiyo pawe na cheti cha ukaguzi uliofanywa huko huko Japani na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, maana gari lisilokaguliwa kule huja kuleta taabu hapa.

Wenzetu wa bandarini watasema, "Lakini twaona magari ya zaidi ya miaka minane yakishuka kila siku." Ni kweli. Hayo ni ya safari, ya Uganda, Sudan Kusini, Kongo na kwingineko. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2018, hukubali mpaka miaka 15. Mtu akikujia usiku akakuambia liko moja la safari "limebaki" na atakuuzia nusu ya bei, jua kwamba ushuru wa Kenya haukulipwa. KRA ikilikamata hutapata gari wala fedha, na pengine ukapata kesi. Kwa sisi tulioajiriwa bandarini ni vibaya zaidi, kwa sababu hakuna hakimu atakayeamini kwamba hukujua.

Juu ya fedha za kupeleka Japani tutasema machache, maana mengi yamekwisha semwa katika mikutano. Fedha ziende katika akaunti ya benki yenye jina la kampuni ile ile iliyokuandikia ankara, iliyo Japani, si kwa jina la mtu, wala si katika benki ya nchi ya tatu. Wauzaji wa nje wa Japani wana chama chao kiitwacho JUMVEA, na orodha ya wanachama wake yaweza kutazamwa na mtu yeyote. Wafanyabiashara wa huko wana chama. Nasi tusione haya kuulizana humu katika chetu.

Sasa twageukia ndugu zetu wa viwanda vya kuunganisha magari, ambao hutuuliza swali gumu. Katika miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda hivyo Nairobi, Thika na hapa Mombasa, na watu wengi wakapata kazi na ufundi. Milango ilipofunguliwa kwa magari yaliyotumika katika miaka ya 1990, kazi hizo zilipungua. Wao husema: ninyi mnaopigania ajira, mbona mwanunua ajira ya Mjapani iliyokwisha tumika? Swali hilo lina haki, wala hatutalikwepa kwa maneno matamu. Jibu letu ni kwamba mshahara wa mfanyakazi haununui gari jipya, na aliyeupanga mshahara huo si mfanyakazi. Serikali imewahi kupendekeza umri upunguzwe kutoka miaka minane mpaka mitano, na hata mitatu. Ikifanya hivyo kabla hapajakuwa na gari la Thika au la Mombasa ambalo kuli, mwalimu na nesi waweza kulilipa, itakuwa imewarudisha watu hao kwenye mlango wa matatu, na kumwachia bwana mkubwa barabara. Siku litakapopatikana gari la namna hiyo tutakuwa wa kwanza kulitilia sahihi. Mpaka siku hiyo ifike, hatutamwambia mwanachama asinunue la Japani. Twamwambia anunue akiwa na hesabu mkononi.

Na hapa twasema na wadhamini. Ndugu mdhamini, ukiletewa karatasi ya Sacco uweke sahihi kwa ajili ya motokaa, usione haya kuuliza. Yule atakayekasirika kwa kuulizwa mchana, ndiye atakayekukwepa jioni. Omba uone hesabu ya kodi iliyoandikwa na wakala mwenye leseni, kwa thamani ya KRA ya wakati huo, si kwa bei ya kwenye simu. Maana mwaka 2025 KRA ilitangaza orodha mpya. Omba uone karatasi ya mnada na ule mwaka wa kwanza wa usajili. Kisha muulize mwenzako swali moja la mwisho: gari likikaa miezi mitatu bila ya kazi, kwa ugonjwa, au kwa ajali, au dereva akikimbia, fungu la Sacco litatoka wapi? Asipokuwa na jibu, mwambie arudi mwezi ujao. Urafiki wenu hautakufa kwa mwezi mmoja.

Kwa wengine twaona ni afadhali kununua katika yadi hapa hapa, hata kama bei ni ya juu. Bei ya yadi hujumlisha kodi yote, gari waliona kwa macho, fundi wako hulifungua, na hesabu imekwisha siku ile ile. Hakikisha tu jina lililo katika logibuku kwa kumbukumbu za NTSA, na kwamba gari halijawekwa rehani kwa mkopeshaji. Faida uliyoikosa kwa kutoagiza mwenyewe huenda ikawa ndiyo bei ya usingizi wako.

Kamati imekubali kwamba kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi ya kwanza, saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, ofisi ya chama itakuwa wazi kwa ajili ya shauri hili. Wako wanachama wawili wenye ujuzi wa kazi ya forodha waliojitolea kupiga hesabu na kusoma hati za Japani, bila ya malipo. Mkopaji aje pamoja na wadhamini wake wote, si peke yake. Alete ankara, picha ya karatasi ya mnada, na hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita. Walio katika zamu ya asubuhi siku hiyo wamwachie mwakilishi wa idara yao karatasi zao kabla ya Ijumaa jioni, nazo zitarudishwa Jumatatu zikiwa na hesabu.

Yule mama mfagiaji anahitaji Shs. 31,000/- za shule kabla ya muhula kufunguliwa. Orodha ya mchango iko kwa mtunza hazina, na jina la kwanza juu yake ni la yule mwenzetu aliyelikosa gari.